Maduka sita, kalibu moja

Najua nimeadimika, mwisho wa muhula huku ni kasheshe, ripoti juu ya ripoti. Leo naomba nitoe kitu kilichonikaa kooni tangu semina ya wiki iliyopita. Wale mliozoea kunisoma nikilalamikia baridi na nauli mnisamehe, leo ni magari. Tena magari ya kizee ya Kiingereza.

Semina ilikuwa juu ya makampuni kununuana. Kila mtu alitakiwa achague biashara moja aifuatilie. Wengine wakachukua benki, wengine simu, jamaa mmoja akachukua bia (hakuna aliyeshangaa, tunamjua). Mimi nikachukua maduka ya vipuri vya magari ya zamani ya Uingereza. Darasa likacheka. Mshikaji mmoja akauliza, hiyo nayo ni biashara au ni ugonjwa wa wazee? Nikamjibu, ungekaa Coventry kama mimi ungejua ni vyote viwili.

Maana hapa huwezi kuyakwepa. Maeneo ya Canley, jirani kabisa na kituo cha treni, palikuwa na kiwanda cha Triumph. Kuunda magari pale kulikoma 1980. Siku hizi ni maofisi na maghala, ila barabara zimeachiwa majina ya marehemu: Herald Avenue, Dolomite Avenue. Unapita na mfuko wako wa mchele kutoka dukani huku unatembea juu ya kaburi la gari. Mwaka huohuo wa 1980 kiwanda cha MG kule Abingdon nacho kikafungwa. Jaguar ikaacha kutoa magari Browns Lane, hapahapa Coventry, mwaka 2005. Na Aprili ya 2005 hiyohiyo MG Rover ya Longbridge, Birmingham, ikaanguka kifo cha mende.

Viwanda vimekufa, lakini magari yenyewe yamegoma kufa. Morris Minor, iliyoanza 1948, zilitoka zaidi ya milioni 1.6. MGB, ya 1962 mpaka 1980, zaidi ya 500,000. Mini ya zamani, 1959 mpaka 2000, zaidi ya milioni 5. Nyingi zilishaozea chini, lakini zilizobaki bado ni jeshi. Serikali yenyewe inazilea: gari lililopitisha miaka 40 halilipi kodi ya barabara, na tangu Mei 2018 mengi ya hayo hayalazimiki hata kwenda kwenye ukaguzi wa kila mwaka. Kinachoweza kuliua gari la namna hii ni kitu kimoja tu, nacho ni kukosa spea.

Sasa nani anauza spea za gari ambalo kiwanda chake kilifungwa kabla wazazi wangu hawajaoana? Wapenzi wa magari, ndio waliokamata hiyo kazi. Mmarekani mmoja, Al Moss, alianza Los Angeles mwaka 1948 na kagereji ka kuhudumia magari ya Kiingereza, na Moss Motors ikawa jitu. Huku Uingereza SNG Barratt wa Bridgnorth walianza 1979 na Jaguar, Rimmer Bros wa Lincoln wakaanza 1982 na Triumph. Ukiondoa hao wakubwa walikuwapo wadogo wengi tu, wa banda moja na simu moja, mtu na mkewe, kila mmoja na gari lake analolijua hadi bolti ya mwisho. Unampigia simu unamwambia gari langu linalia hivi, anakujibu hiyo ni bushi ya nyuma kushoto, natuma kesho.

Hao wadogo ndio wanaopotea, na sababu hazina uchawi. Kijana aliyefungua banda 1980 leo ni babu, na wanawe wako London kwenye kompyuta, hawataki habari za grisi. Pesa yake yote imelala kwenye shelfu: vitu maelfu, vingine vinauzwa kimoja kwa mwaka. Halafu tangu Januari 2021, Uingereza ilipotoka kwenye soko la Ulaya, kila kifurushi cha kwenda Ujerumani au Uholanzi kinataka makaratasi ya forodha. Kampuni yenye tawi bara Ulaya inapeleka kontena moja kwa mara moja. Mzee wa banda anajaza fomu kwa ajili ya gasketi ya pauni nne. Basi siku moja mkubwa anampigia simu, wanakunywa chai, banda linauzwa na kila kitu ndani. Marekani nako ni hivyohivyo. Mashabiki wa MG na Triumph walizoea katalogi mbili nene, ya Moss ya California na ya Victoria British ya Kansas. Ya pili imeishia tumboni mwa ya kwanza.

Darasani kila mtu akarukia bei. Washindani wakipungua bei inapanda, ndivyo kitabu kinavyosema, na sibishani na kitabu. Ila kwa biashara hii nadhani bei ni jambo la pili. La kwanza ni kalibu.

Kalibu ni kile chombo kinachokipa kitu umbo. Nyumbani sote tumeona watu wakifyatua tofali. Udongo upo bure, maji yapo, nguvu za vijana zipo. Bila lile fremu la mbao hakuna tofali, kuna tope tu. Spea nazo ni hivyo. Mpira wa kuziba kioo unataka kalibu yake. Bati la tope la mbele linataka kalibu nzito ya chuma, yenye uzito wa magari kadhaa, na mashine ya kulikandamiza. Kuitengeneza upya ni ghali mno, kuitumia ni rahisi. Kwa hiyo kwa vipuri vingi vya gari moja unakuta kuna kalibu moja tu inayotembea duniani, kwenye karakana fulani ambayo mteja haijui. Maduka sita yanatangaza kipuri kilekile, yanashindana kwa picha na kwa nauli ya posta, lakini ukifungua maboksi yote sita mtoto ni mmoja, mama ni mmoja. Waliowahi kutafuta pampu ya maji Kariakoo wananielewa: umezunguka maduka kumi, umebishana bei mpaka koo limekauka, kumbe pampu zote zimeshuka na kontena moja, stika ndiyo tofauti.

Kwa hiyo maduka sita yakiwa mawili, mnunuzi hajapoteza uchaguzi mkubwa kama anavyodhani. Uchaguzi wenyewe haukuwapo. Alichopoteza ni yule mzee aliyejua kalibu iko wapi, na aliyekuwa anaagiza mzigo mwingine hata kama hesabu haimlipi.

Hapa ndipo pananiuma. Karakana haikutolei mipira kumi. Inakwambia chukua mia tatu, mia tano, la sivyo haiwashi mashine. Mzee wa banda alikuwa anakubali, anajua itamchukua miaka kumi na tano kuimaliza, potelea mbali, watu wake wanaihitaji. Mhasibu wa kampuni kubwa anafungua jedwali, anapanga vitu kwa kasi ya kuuzika, anapiga mstari chini ya vile visivyotembea. Wala si mtu mbaya. Ndivyo sisi tunavyofundishwa, mimi mwenyewe nimepata alama nzuri kwenye somo hilohilo la kupunguza mizigo ghalani. Tatizo ni kwamba gari halijui kipuri gani kinatembea haraka. Linasimama kwa kile cha mwisho kwenye jedwali.

Mtaani kwetu kuna mzee ana Triumph ya miaka ya sabini, kaitunza kuliko anavyojitunza mwenyewe. Duka lake la miaka yote liliuzwa kwa kubwa zaidi. Mwanzo alifurahi, mtandao mzuri, vifurushi vinafika kesho yake. Alipohitaji mpira wa kuzibia kioo cha nyuma akaambiwa umeondolewa kwenye orodha. Akauliza mara ya mwisho ulitengenezwa wapi. Hawajui. Kalibu iko kwa nani? Hawajui, faili za mwenye duka wa zamani hazikuhamishwa. Gari zima, injini inaimba, rangi inang'aa kama kioo, linakaa ndani limefunikwa turubai kwa sababu mvua inaingia nyuma. Na mvua ya huku mnaijua, haina likizo.

Sasa msidhani mimi ni wa kupinga kuungana kwa kila hali. Historia ya magari haya yenyewe inanikatalia. Austin na Morris waliungana 1952 wakawa BMC. Mwaka mmoja kabla, Austin ilikuwa imetoa injini ndogo iitwayo A-series kwenye kigari chake cha A30. Baada ya muungano injini hiyo ikatiwa kwenye Morris Minor, ikaja Mini, ikaja Sprite na Midget, ikafika mpaka Metro, na ikadumu mpaka Mini ya mwisho mwaka 2000. Wakati ule watu walilalamika kwamba magari yamekuwa mapacha, tofauti ni nembo tu. Malalamiko ya haki. Lakini leo ukitaka gasketi au beringi ya A-series unapata kabla chai haijapoa, kwa sababu magari mamilioni yanakula chungu kimoja.

Mlinganishe na Triumph Stag. Gari zuri, 1970 mpaka 1977, zilitoka chini ya 26,000, na Triumph ikalipa injini yake peke yake ya V8 ya lita 3 ambayo haikuwekwa kwenye gari lingine lolote. Ilikuwa maarufu kwa kuchemka. Baada ya 1968, wakati Triumph na BMC wameshawekwa chini ya mwavuli mmoja wa British Leyland, tayari ndani ya nyumba hiyohiyo kulikuwa na V8 ya Rover iliyokuwa inafanya kazi. Wakubwa waliungana kwenye karatasi, mafundi hawakuungana. Mwenye Stag leo hana wa kuazima kwake.

Kuna hata muungano wa siku hizi ninaoupigia makofi. Kabureta za SU, zilizokuwa kwenye karibu kila gari la Kiingereza mnalolikumbuka, zingeweza kubaki hadithi. Kampuni ya Burlen ya Salisbury ilichukua haki zake 1996, na iko pia na Zenith, na Amal za pikipiki. Majina matatu yaliyokuwa washindani sasa yanalala chumba kimoja. Ila walichukua na michoro na haki za kutengeneza, na wanatengeneza. Sindano ya kabureta ya gari la 1955 unaipata mpya. Mfano mwingine ni British Motor Heritage, iliyozaliwa ndani ya British Leyland mwaka 1975. Wao walizitafuta kalibu za mabati ya MGB, na 1988 wakaanza kutoa bodi nzima mpya ya MGB, miaka minane baada ya kiwanda kufungwa! Kazi hiyo ilifungulia Rover njia ya kutoa MG RV8 miaka ya tisini, magari kama 2,000 hivi, na mengi yakaenda Japani. Yaani gari lililokufa lilifufuka kwa sababu mtu alitunza chuma badala ya kukiuza kwa kilo.

Na kuna muungano mwingine, wa jina tupu. Lucas wa Birmingham ndio walitia umeme magari ya Uingereza karne nzima, utani juu ya taa zao nauruka, wazee wa huku wameuchosha. Mwaka 1996 Lucas ikaungana na Varity ya Marekani. 1999 ikanunuliwa na TRW. 2002 TRW ikamezwa na Northrop Grumman, watu wa ndege za kivita, ambao 2003 upande wa magari ukaenda kwa wawekezaji wa Blackstone. 2015 ukanunuliwa na ZF ya Ujerumani. Mmehesabu? Sasa mwambie mtu wa Morris Minor akafuatilie mchoro wa swichi yake ya 1958 kwenye mlolongo huo. Jina la Lucas bado unaliona kwenye maboksi mapya ya rangi ya kijani, lakini jina ni leseni, mtu anaruhusiwa kulichapa. Kilichomo ndani ni habari nyingine, na mafundi wa huku wana hadithi nyingi za rota mpya ya distributa kuungua wiki ileile iliyofungwa, huku ile ya 1965 ikitolewa kwenye droo, inafutwa vumbi, na gari linawaka.

Kwa hiyo swali langu kwa kila duka linalouzwa ni moja: kalibu na michoro vinakwenda wapi? Vikienda kwa mtu anayetengeneza, hewala, hata akibaki peke yake. Vikienda kwa mtu anayetaka orodha ya wateja na jina zuri la kwenye mtandao, tumekwisha.

Mwalimu akaniuliza, je, serikali si ina chombo cha kuangalia mambo haya? Kipo, ni CMA, Mamlaka ya Ushindani na Masoko. Lakini hebu tazameni nyavu zake. Tangu Januari 2025 kampuni inayonunuliwa inatakiwa iwe na mauzo ya zaidi ya pauni milioni 100 humu nchini ndipo kipimo cha kwanza kimguse. Zamani ilikuwa milioni 70. Kipimo cha pili ni kushika robo ya soko, lakini nacho kinataka angalau upande mmoja uwe na mauzo ya zaidi ya pauni milioni 10. Banda la mzee wa Triumph ni dagaa, linapita kwenye tundu la wavu bila hata kugusa uzi. Na hata wangelikamata, wangeuliza habari za bei. Sheria ya ushindani haina neno juu ya fremu la tofali.

Mimi nadhani jibu liko kwa wenye magari wenyewe, na bahati nzuri wengine walishaanza zamani. Wenye Stag, walewale wa injini isiyo na ndugu, wana mfuko wao wa kalibu. Wanachama wanaweka pesa, mfuko unalipia kutengenezwa kwa kipuri kilichokosekana, kikiuzwa pesa inarudi inalipia kingine. Upatu wa chuma! Wenye pikipiki za Vincent walikwenda mbali zaidi. Kiwanda kilisimamisha pikipiki 1955, nao wakaunda kampuni ya vipuri iliyo chini ya chama chao, na wakafika mahali pa kuweza kujenga Vincent nzima kwa vipuri vipya. Hawa hakuna mhasibu wa kuwapigia mstari, kwa sababu mhasibu wao naye ana Vincent.

Mtoto wa Kilimanjaro hahitaji kufundishwa habari hii, KNCU wameuza kahawa kwa ushirika tangu miaka ya 1930. Na mtoto wa Kilimanjaro anajua pia ushirika unavyougua: kamati inazeeka, vijana hawaji, mikutano inakuwa ya kugombea kiti. Vyama vya magari vya huku navyo vimejaa mvi, nimehudhuria mkutano mmoja na nilikuwa mdogo kuliko wote kwa kama miaka thelathini. Pia kuna vipuri ambavyo sitaki chama kiguse, breki kwa mfano. Hapo nataka kampuni yenye maabara na bima, ya kushitakiwa ikibidi. Kwa mipira, mabati, vitasa na mikanda ya madirisha, waachieni wenyewe. Na duka linapouzwa, chama kipewe nafasi ya kwanza ya kununua kalibu zisizotembea. Mnunuzi hazitaki, muuzaji anamwonea huruma mteja wake wa miaka thelathini. Sioni wa kukataa, kinachokosekana ni mtu wa kuuliza kabla sahihi hazijawekwa.

Najua mtasema, na sisi inatuhusu nini? Haya, mnakumbuka tamasha la Land Rover pale Arusha Oktoba 2024, ule msururu uliotanda barabara? Zile 109 na 110 ni watoto wa Solihull, si mbali na hapa ninapoandikia. Kenya zilikuwa zinaunganishwa Thika kwenye kiwanda cha Leyland, hichohicho ambacho leo kinaitwa KVM. Na Defender ya umbo lile la zamani ilikoma Januari 2016. Kwa hiyo ile Land Rover ya mjomba inayopanda na ndizi milimani iko kwenye foleni moja na Triumph ya yule mzee, tofauti ni miaka tu. Nayo itafika siku kuna kitu chake kwenye jedwali la mtu, chini ya mstari.

Tena sisi tuna la kuwazidi. India waliichukua Morris Oxford ya miaka ya hamsini wakaiita Ambassador, wakaitengeneza mpaka 2014. Sri Lanka, mabati ya Morris Minor yalikuwa yakitengenezwa miaka ya tisini na kuletwa huku Uingereza, yaani nchi iliyokuwa koloni inawauzia wakoloni tope za magari yao. Ile kazi ya vipande mia mbili ambayo kiwanda cha Ulaya kinaiona ni kero, Gerezani kwa mafundi wa bati ni mkate wa miezi. Pale Kamukunji Nairobi wanakunja bati kwa nyundo na reli. Wape kalibu ya bawaba ya mlango wa Land Rover uone. Huku watu wanalia kwamba vitu vidogo havina mtengenezaji, kule kwetu kuna mafundi wanalia hawana oda. Simwoni bado mtu wa katikati, na kama kuna mwanafunzi wa uhandisi pale Mlimani anatafuta mada ya mradi wa mwisho, hii namwachia bure.

Yule mzee wa jirani hajakaa kimya, lakini. Ameandika barua kwenye jarida la chama chake akitafuta wenzake wa kuchangia kalibu mpya ya mpira wa kioo cha nyuma. Karakana imemwambia wakifika sitini itawasha mashine. Jana jioni alinigongea mlango kuniomba nimsaidie kupanga majina kwenye kompyuta. Tulihesabu mara mbili: thelathini na wanne, mmoja wao yuko New Zealand na amelipia mipira miwili.